Daktari mmoja kasema anza, mwingine kasema usithubutu: nimsikilize nani?

(Barua imefupishwa kidogo, na mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi tumeyaondoa.)

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ukerewe. Nina miaka 33, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kiume ambaye ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Nina pumu ya ngozi. Mama anasema nilikuwa nayo tangu uchanga. Mashavu yalikuwa yakitoa maji mpaka akawa ananivalisha soksi mikononi nisijikwaruze. Nilipofika sekondari ilinipa nafasi, nikaisahau kabisa. Baada ya kujifungua ilirudi, na safari hii imerudi na ndugu zake.

Sasa iko ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye kope, na viganja vimepasuka kiasi kwamba kushika chaki ni adhabu. Mchana navumilia, shida ni usiku. Najikuna nikiwa usingizini, nikiamka shuka lina madoa ya damu. Mume wangu siku hizi analala sebuleni. Hanisemi vibaya, anasema tu kwamba akikosa usingizi hawezi kuwahi mzigo wa samaki alfajiri. Shuleni kuna mzazi alimwendea mwalimu mkuu akaomba mwanawe ahamishiwe mkondo mwingine, eti nitamwambukiza. Mwalimu mkuu alinitetea, lakini maneno yalishanifikia. Mama, nimechoka kuwa ndani ya ngozi hii.

Nimejaribu kila kitu. Nimeoga majani ya mwarobaini, nimepaka mafuta ya nazi, nimeacha dagaa, nimeacha mayai, nimebadilisha sabuni. Zahanati waliniandikia krimu ya tyubu, nikawa naipaka kidogokidogo kwa kuwa niliambiwa ni kali. Nikizidiwa naenda duka la dawa, wananichoma sindano ya aleji na kunipa vile vidonge vidogo vyeupe, natulia, halafu inarudi kwa kishindo.

Mwezi wa pili nilipata rufaa, nikavuka kwenda Mwanza mjini kumwona daktari wa ngozi. Ni binti mdogo kwa umri, lakini alinichunguza vizuri. Akasema nimefika hatua ya kutumia dawa ya kushusha kinga ya mwili, maana kinga yangu ndiyo inayoishambulia ngozi. Alitaja methotreksati, mara moja kwa wiki, nipime damu kwanza, kisha niwe napima mara kwa mara. Akasema pia nisishike mimba nikiwa naitumia.

Kabla sijarudi kisiwani nililala kwa dada yangu Buhongwa, naye akanipeleka kwa daktari mstaafu ambaye familia yetu imemtegemea tangu baba yu hai. Mzee alipoiona karatasi alivua miwani. "Hii ni dawa ya kansa," akasema. "Pumu ya ngozi inasumbua, haiui. Wewe umekulia ziwani, kichocho unacho au ulikuwa nacho, TB imejaa kila mahali, na bado unataka kuzaa. Usithubutu." Akaniambia nipake mafuta na nivumilie, kuna watu inawaondoka yenyewe.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Nikakuta hata huko Ulaya na Marekani madaktari hawaimbi wimbo mmoja: huyu anaanza na siklosporini, yule na methotreksati, mwingine anasema hizo zote zimepitwa na wakati, kuna sindano mpya. Nikafunga simu.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mume wangu anataka mtoto wa pili, na mama mkwe kila akija anauliza "mdogo wake yuko wapi?" Daktari aliposema nisishike mimba, moyoni nilipata nafuu. Mimi mimba kwa hali hii siitaki, ila nimeshindwa kusema. Mume wangu nimemwambia kuna dawa mpya, basi. Hili la mimba sijaligusa.

Naomba unisaidie. Kati ya hawa madaktari wawili nimsikilize nani? Na mume wangu nimwambie yote, au nusu inatosha?

Mwalimu wa Kisiwani

MAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Kwanza pole kwa usiku huo. Wanaosema "ni muwasho tu" hawajawahi kuamka na damu yao wenyewe kwenye kucha. Niseme mapema kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi, sikuwa daktari wa ngozi. Nitakueleza ninachokijua na nitakuuliza maswali; dawa mtaiamua wewe na aliyekupima.

Umeliweka jambo lako kama mechi ya watani, kwamba lazima uvae jezi ya mmoja. Nikiwasikiliza hao madaktari kupitia kalamu yako, sioni kama wanapingana kiasi hicho. Binti amekutazama wewe: usingizi uliopotea, viganja vilivyopasuka, krimu ambazo hazikufua dafu. Mzee ameitazama dawa, pamoja na Kanda ya Ziwa aliyotibia watu wake maisha yake yote. Kila mmoja ameona kitu cha kweli. Ila kuna kitu ambacho naona wote wawili wamekikosa, labda kwa kuwa hukuwatajia, na hata mimi umenitajia kwa nusu sentensi. Ni ile sindano ya duka la dawa.

Sindano inayoitwa ya aleji, ile inayotuliza mwili mzima kwa siku kadhaa, mara nyingi ni steroidi, yaani dawa inayotuliza uvimbe kwa kuishusha kinga ya mwili, tena ile ya kukaa muda mrefu mwilini. Vile vidonge vidogo vyeupe mara nyingi ni prednisoloni, steroidi ya kumeza. Nasema mara nyingi kwa sababu sijaviona. Nenda ukaombe wakuandikie majina kwenye karatasi, ni haki yako kujua ulichochomwa. Ikiwa ndivyo, basi mwanangu, swali la kushusha kinga au kutoishusha lilishapita. Unaishusha tayari, kwa vipindi, bila kipimo hata kimoja, na hakuna anayejua jumla yake. Yale aliyoyahofia mzee, TB na maambukizi mengine, yanaihusu steroidi vilevile, nayo inaongeza ya kwake: sukari kupanda, presha, mifupa kudhoofika, mtoto wa jicho. Kuna hata mnyoo mmoja wa utumbo, strongiloidesi, anayeweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kisha akazaana bila kizuizi mtu anapopewa steroidi.

Na hilo la kurudi kwa kishindo madaktari wa ngozi wanalifahamu vizuri sana. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani, kilitoa mwongozo mwaka 2023 kuhusu tiba za pumu ya ngozi kwa watu wazima ambao dawa za kupaka zimewashinda. Kwa steroidi za kumeza na kuchoma, ushauri wake ni kuziepuka. Methotreksati, siklosporini na azathioprini, zote dawa za kushusha kinga, kiliziweka kwenye zinazoweza kutumika, ingawa kwa tahadhari, na sindano mpya na baadhi ya vidonge vipya kikavipa uzito zaidi. Simaanishi kwamba methotreksati ni salama. Ninachouliza ni hiki: mzee alipokuambia usithubutu, je, alijua kwamba ukitoka kwake utaishia kwenye dirisha la duka la dawa? Pengine jibu lake lingekuwa jingine. Pengine lingekuwa lilelile. Mrudie umwambie. (Na kama umekuwa ukimeza prednisoloni wiki kadhaa mfululizo, usiikatishe ghafla. Mwili unakuwa umezembea kutengeneza steroidi yake wenyewe, kwa hiyo dawa hupunguzwa kidogokidogo chini ya daktari.)

Sasa nimtetee mzee, maana naona kwenye intaneti wengi wangemcheka. Ni kweli methotreksati ilianzia kwenye saratani katikati ya karne iliyopita, na hadi leo inatumika huko kwa dozi kubwa sana. Kwa ngozi na kwa baridi yabisi dozi ni ndogo, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki nzima. Kwa hiyo neno "dawa ya kansa" lisikunyime usingizi uliobaki. Lakini hofu zake nyingine naomba uziache mezani. Vijidudu vya TB vinaweza kulala kwenye mapafu ya mtu mzima mwenye afya, na kinga ikilegea vikaamka. Kichocho cha huku kwetu ni kile cha tumbo. Mayai yake hukwama kwenye ini na kuacha makovu yanayoweza kubaki hata baada ya kumeza prazikwanteli. Na methotreksati ni dawa inayoweza kuliumiza ini. Daktari anayesoma kitabu cha Uingereza anaweza asikumbuke kumuuliza mgonjwa wake kama alikuwa akioga ziwani utotoni. Mzee wako amekumbuka.

Tena karibu kila hofu aliyoitaja ina kipimo chake. TB ina picha ya kifua na maswali ya daktari kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kama umewahi kuishi na mgonjwa. Kichocho kina kipimo cha choo, na ini lina ultrasaundi pamoja na vipimo vya damu. Kuna VVU, kuna homa ya ini aina ya B, kuna figo, kuna wingi wa chembe za damu, kuna mimba. Muulize daktari wa ngozi, bila kuona haya, ni vipi kati ya hivi amepanga kabla ya kidonge cha kwanza, na mwambie wazi umekulia wapi. Kama majibu yatakuwa mazuri, na vipimo vya marudio vinawezekana, hofu ya mzee itapungua uzito. Kama huku kisiwani utakuwa unameza dawa miezi mitatu bila mtu kuitazama damu yako, hofu yake inarudi yote, na hapo mimi nitasimama upande wake.

Kuna neno lake moja tu ningependa tulichokonoe: "haiui." Ngozi iliyochanika ni mlango wa bakteria. Virusi vile vya vipele vya homa mdomoni vikiingia kwenye ngozi yenye pumu vinaweza kusambaa mwili mzima; ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yanauma, na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri meli ya kesho. Halafu kuna kufa kidogokidogo kwa kukosa usingizi. Umeandika kwamba umechoka kuwa ndani ya ngozi hii. Sitaki kusoma kisichokuwepo, ila kama uchovu huo umewahi kukufikisha mahali pa kutamani usiamke, hilo mwambie mtu wiki hii, na mwambie daktari pia. Linaingia kwenye mizani ya dawa sawasawa na kipimo cha ini.

Nina swali la kuudhi kidogo, nivumilie. Ulisema krimu ulikuwa unaipaka kidogokidogo kwa kuwa ni kali. Karibu kila mgonjwa hufanya hivyo, na karibu kila mhudumu humtisha hivyo. Kipimo wanachofundishwa wataalamu ni kukamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza; hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Tyubu ya gramu 15, kwa mtu mwenye viwiko, magoti, shingo na mikono kama wewe, haifiki mbali. Kama yako ilikaa miezi, basi hatujui bado kama krimu ilishindwa au haikupewa nafasi. Isitoshe, steroidi kali ya kufaa viganja haitakiwi kwenye kope, na zile krimu zenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja zinavuruga zaidi kuliko kutibu. Wanawake wenzetu wanazipaka usoni ili wang'ae, basi zimejaa kila duka. Kwenye kope na shingo ipo dawa ya kupaka isiyo steroidi, takrolimasi. Uliza kama inapatikana. Na mafuta mazito yasiyo na manukato, hata vaselini ya kawaida, yapakwe mara nyingi kwa siku, hasa ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga.

Swali linalofuatana na hilo: nani amehakikisha kwamba yote hii ni pumu ya ngozi? Kope na viganja kwa mtu mzima hutia shaka ya aleji ya kugusa. Unapaka piko kwenye nywele au mikono? Piko na rangi nyeusi za nywele zina kemikali inayojulikana sana kwa kuamsha ngozi namna hiyo. Je, mtoto au mume naye anawashwa usiku? Kama ndiyo, upele wa kuambukizana, ule wa vidudu vinavyochimba ngozi, utafutwe kwanza. Sidhani daktari aliyekuchunguza vizuri aliyapita haya, ila muulize. Ni aibu kushusha kinga ya mtu ambaye angepona kwa kuacha piko. Mayai na dagaa, kwa upande mwingine, ungeweza kuvirudisha kama hukuwahi kuona vikikudhuru waziwazi. Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi mara chache huponywa na kujinyima, na wewe unahitaji chakula.

Tuje kwenye dawa zenyewe, kwa kuwa uliona kwenye simu kwamba madaktari hawaimbi wimbo mmoja. Ni kweli, na sababu si uzembe. Siklosporini inafanya kazi haraka, ndani ya wiki chache tu, lakini inaweza kuumiza figo na kupandisha presha, kwa hiyo wengi hawapendi ipite mwaka mmoja. Methotreksati inajivuta, unaweza kungoja miezi miwili au mitatu kabla hujaona tofauti. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza na Ayalandi kwa watoto na vijana 103 wenye pumu kali ya ngozi, nusu wakipewa siklosporini na nusu methotreksati. Wiki ya 12 wa siklosporini walikuwa mbele. Dawa zilipokwisha kusimamishwa, wa methotreksati ndio waliobaki na nafuu bora, na dawa yao ilikuwa nafuu kwa gharama pia. Hao ni watoto wa Ulaya, si mwalimu wa Ukerewe, lakini unaona kwa nini daktari mmoja ataanza na hii na mwingine na ile: inategemea kama mgonjwa anazama leo au anatafuta utulivu wa muda mrefu. Azathioprini nayo ni ya polepole na inahitaji chembe za damu zichungwe sana. Sindano mpya uliyoiona yaelekea ni dupilumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017. Inalenga njia moja ya mzio badala ya kushusha kinga yote, ndiyo maana inasifiwa, ila bei yake iko mbali na mshahara wa mwalimu. Tiba ya mwanga nayo ni nzuri kwa wengi, lakini inataka uende kituoni mara mbili au tatu kwa wiki. Kutoka Nansio, huko kwenu kisiwani? Utakuwa unaishi melini.

Kwa methotreksati kuna mambo ambayo nimeyaona yakiumiza watu, na lazima niyaseme hata kama hutaianza. Ni ya wiki. Humezwa siku moja tu kati ya saba. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, kwa kuwa kila kidonge kingine wanachokijua ni cha kila siku. Chagua siku, iandike kwa jina lake kwenye boksi, na dada wa Buhongwa aijue. Utaandikiwa foliki asidi ya kupunguza madhara; muulize daktari uimeze siku gani. Usikubali kupewa Septrin kwa mafua au tumbo ukiwa kwenye dawa hii, hata muuzaji akikuapia. Zikikutana zinaweza kuua utengenezaji wa damu, na huku kwetu Septrin inauzwa kama karanga. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo ziulizie kwanza. Vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu kisichoisha, macho ya njano, michubuko isiyo na sababu: unasimamisha dozi na unaonana na daktari.

Nimeliacha la mume mwishoni ingawa nadhani ndilo lililokufanya ushike kalamu. Umesema ulipata nafuu ulipoambiwa usishike mimba. Ninakuelewa kabisa. Ila hebu jiulize: kama kesho daktari angekupa dawa inayoruhusu mimba, ungefanya nini? Kwa maana zipo. Siklosporini na azathioprini wakati mwingine huendelea kutumika kwa mjamzito chini ya uangalizi wa karibu, wakati methotreksati ni mwiko, kwa kuwa inaweza kuharibu mimba au kumlemaza mtoto. Ukiacha methotreksati bado unasubiri kabla ya kushika mimba. Miongozo inatofautiana, kutoka mwezi mmoja hadi sita. Kwa hiyo daktari wako hawezi kukuchagulia dawa sawasawa kama hajui ukweli wa moyo wako kuhusu mtoto. Amechagua akidhani anajua.

Kumwambia mume nusu kuna hatari ambayo si ya ndoa peke yake. Nusu hiyo ikikusahaulisha uzazi wa mpango wiki moja, gharama yake inaweza kuwa kubwa. Kumwambia yote nako kuna hatari zake: anaweza kusema dawa basi, anaweza kwenda kumwambia mama yake, anaweza kuumia kwamba dawa ndiyo iliyokusemea. Wewe unamjua, mimi simjui. Ninachokiona kwenye barua ni mtu aliyehamia sebuleni bila kukutukana, na hajawahi kuambiwa kwamba mke wake anaiogopa mimba nyingine. Huenda ingesaidia ukitenganisha mambo mawili. Hofu yako ya kubeba mimba katika hali hii ni yako, ina haki ya kusemwa hata kama dawa isingekuwepo. Katazo la dawa ni la daktari, na hilo daktari anaweza kumweleza yeye mwenyewe, mkiwa wawili mbele ya meza yake. Wanaume wengi husikia vizuri zaidi jambo la nyumbani likisemwa na mtu mwenye koti jeupe. Inaniudhi, lakini nimeiona mara nyingi wodini. Mama mkwe anaweza kusubiri. Amesubiri miaka sita.

Yule mzazi wa shuleni usimwendee. Mwombe mwalimu mkuu aseme kwenye kikao cha wazazi kwamba pumu ya ngozi haiambukizi, aseme mara moja tu, aendelee na ajenda ya chakula cha mchana.

Kuhusu nauli na meli: mwanzoni damu hupimwa kila wiki moja au mbili, baadaye ikitulia kila miezi miwili au mitatu. Uliza kama vipimo hivyo vinaweza kufanyika Nansio na majibu yakapigwa picha na kutumwa kwa daktari wa Mwanza. Uliza bima yako inabeba nini kati ya dawa na vipimo, kabla hujaanza. Ukiamua kuanza, likizo ya Juni ingekupa wiki za mwanzo ukiwa kwa dada yako Buhongwa, karibu na maabara na mbali na chaki. Ukiamua kutoanza, likizo hiyohiyo inafaa kurudi kliniki na mfuko wenye kila tyubu, kila boksi na ile karatasi ya majina kutoka duka la dawa, na kuwaomba wakuonyeshe, kwa mikono yao, krimu inapakwaje.